Timu Nayo Huhama

Jumamosi ya fainali, mwaka nilioingia kidato cha tano, kaka yangu hakuonekana uwanjani.

Ni mtoto wa baba mkubwa, lakini kwetu Izimbya huyo ni kaka tu, hakuna haja ya kueleza zaidi. Alikuwa winga wa kushoto wa timu ya kijiji, na ile fainali ya kombe la diwani tulikuwa tunacheza na majirani ambao hatujawahi kupenda kufungwa nao. Zawadi ilikuwa beberu mmoja na seti ya jezi. Usiku wa Ijumaa kaka alishuka Bukoba mjini, alfajiri akapanda basi. Timu moja ya daraja la chini, ya mkoa wa mbali, ilikuwa imempigia simu ikimtaka kwenye majaribio.

Tulifungwa mabao mawili kwa bila. Kabla giza halijaingia kwenye migomba, kaka alikuwa ameshapewa jina jipya: msaliti.

Alifaulu majaribio, akasajiliwa, akacheza msimu mmoja na nusu. Kisha timu ile ikauzwa. Mmiliki mpya akaihamishia mkoa mwingine, akaibadilisha jina, akaja na wachezaji wake. Kaka alizipata habari hizo kwenye kundi la WhatsApp. Alikuwa anadai mishahara ya miezi minne. Jina lake lilikuwa bado limefungwa kwenye usajili wa timu hiyo, kwa hiyo hakuweza kuchezea timu nyingine bila barua ya kuachwa. Ofisi ya zamani ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ofisi mpya ikasema haimjui. Alikaa msimu mzima bila kugusa mpira wa mashindano. Akarudi nyumbani, akachukua pikipiki ya mkopo, na mpaka leo ukishuka sokoni Izimbya ukiwa na mzigo huenda ni yeye atakayekubeba.

Timu ile sitaitaja. Ninachotaka kusema ni kwamba nimewasikiliza watu wa kwetu kwa miaka mingi, na sijamsikia hata mmoja akiiita timu ile msaliti. Walisema imepata mwekezaji.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu timu za mpira za mashirika ya umma. Msimamizi wangu anadhani niliichagua mada hiyo kwa sababu ya uchumi wa kisiasa. Sijamkatalia. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka kujua neno moja lilianzaje: uhamisho.

*

Neno hilo tunalitumia mahali pawili. Mwalimu anapata uhamisho kutoka Muleba kwenda Ngara. Mchezaji naye anafanya uhamisho kutoka timu moja kwenda nyingine. Siku hizi mambo hayo mawili yanaonekana hayana undugu. Zamani yalikuwa karibu kitu kimoja.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza akawa Sunderland ya Dar es Salaam, ile ambayo mwaka 1971 ilibadilishwa jina ikawa Simba. Miaka miwili baada ya ligi kuanza likaja Azimio la Arusha, na mashirika ya umma yakaanza kuota kama uyoga. Ukipanga majina ya timu za miaka ya 1970 na 1980 unapata ramani ya uchumi wa nchi bila kufungua kitabu cha uchumi. Pamba ya Mwanza. Reli ya Morogoro. Bandari. Ushirika ya Moshi. CDA ya Dodoma, yaani mamlaka iliyopewa kazi ya kujenga makao makuu. Kila mkoa ulikuwa na kampuni yake ya biashara, RTC, na kampuni hizo nazo zikawa na timu. Kwetu ilikuwa RTC Kagera.

Mpira ulikuwa wa ridhaa. Kwenye karatasi hakuna aliyelipwa kwa kucheza. Kilichokuwepo ni ajira. Kijana akionekana ana miguu, shirika lilimpa kazi: karani wa ghala, fundi, mlinzi, dereva. Mshahara wake ulitoka kwenye daftari moja na wa wafanyakazi wengine, na jioni aliruhusiwa kwenda mazoezini. Akitakiwa na timu ya mji mwingine, swali la kwanza halikuwa ada ya usajili. Lilikuwa: huko kuna nafasi ya kazi?

Babu yangu aliyaona hayo. Alikuwa anauza kahawa kwenye chama cha ushirika na siku za mechi alikuwa anashuka Kaitaba. Nilipomuuliza kama watu walimchukia mchezaji aliyehama, alinitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu.

"Utamchukiaje mtu aliyepata kazi?"

Jibu hilo nililiandika kwenye daftari langu, na bado naona ni bora kuliko kurasa nyingi nilizosoma. Mchezaji wa wakati ule alihama akiwa na kitu mkononi. Miguu ikichoka, kazi ilibaki. Wapo waliostaafu kwenye mashirika hayo wakiwa makarani wa kawaida, na wenzao ofisini wakawa wanasimuliana tu kwamba mzee yule wa mafaili aliwahi kufunga Kirumba.

Mfumo huo uliufaa pia mpira wa mikoani. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa, ikawa timu ya kwanza ya nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya kutoka Rungwe iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ikaubeba. Mwaka 1988 ikawa zamu ya Coastal Union ya Tanga. Haikuwa nchi ya usawa, Simba na Yanga zilishinda sehemu kubwa ya misimu, lakini kijana wa Tanga au Tukuyu aliweza kubaki kwao na bado akawa bingwa.

*

Nisiseme kwamba zamani hakukuwa na ugomvi. Ugomvi mkubwa wa kuhama katika historia yetu ulitokea Dar es Salaam, ndani ya Yanga, katikati ya miaka ya 1970.

Klabu ilikuwa na kocha kutoka Zaire, Tambwe Leya, na juu yake wanachama wakagawanyika. Mgawanyiko ukawa mkubwa kiasi kwamba kundi la wachezaji na wanachama likaondoka. Halikwenda Simba. Lilianzisha klabu yake, Pan African. Katika waliocheza huko walikuwemo Sunday Manara, aliyeitwa Kompyuta, na Jellah Mtagwa, nahodha wa timu ya taifa. Manara baadaye akaenda Uholanzi kuichezea Heracles, na anahesabiwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Pan African yenyewe ikatwaa ubingwa wa nchi mwaka 1982.

Wenye kujua historia ya klabu hizi watakumbusha kwamba Simba nayo, kwa simulizi inayokubalika, ilizaliwa mwaka 1936 kwa njia hiyo hiyo: vijana waliojitenga na Yanga, iliyoanzishwa mwaka mmoja kabla. Kwa maneno mengine, uhasama unaotugawa hadi kwenye harusi na misiba ulianza kwa watu kuhama.

Ninachokiona muhimu katika hadithi ya Pan African ni nani aliyebaki na nini. Walioondoka waliondoka na miguu yao tu. Jina, rangi ya kijani na njano, na mashabiki vilibaki Jangwani. Hakuna aliyefikiri kwamba Yanga inaweza kubebwa kwenye gari ikapelekwa Tabora. Klabu ilikuwa mahali, na mchezaji alikuwa mtu anayepita mahali hapo.

*

Miaka ya 1990 mashirika yakaanza kuuzwa au kufungwa. Wanahistoria tunapenda kuhesabu viwanda na wafanyakazi waliopunguzwa. Timu hatuzihesabu. Lakini shirika likifa, timu yake ilikufa siku hiyo hiyo au ikaanza kuombaomba. RTC zikaisha. Pamba ya Mwanza, iliyokuwa tishio kwa kila aliyekwenda Kirumba, ikashuka na kukaa nje ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka 20, hadi ilipopanda mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa mikononi mwa halmashauri.

Hapo ndipo uhamisho wa mchezaji ulipotengana na uhamisho wa kazi. Ajira ikaondoka, ikabaki fedha ya usajili na mkataba. Na mkataba ukaleta kesi.

Msomaji wa magazeti ya michezo anazikumbuka. Emmanuel Okwi wa Uganda aliondoka Simba mwanzoni mwa 2013 kwenda Étoile du Sahel ya Tunisia, kwa bei iliyotajwa kuwa dola 300,000. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amevaa jezi ya Yanga, na mwaka uliofuata akarudi Simba. Bernard Morrison wa Ghana alitoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020, na kesi ya mkataba wake ikafika mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ambako mchezaji alishinda. Feisal Salum, Fei Toto, mwishoni mwa 2022 aliweka fedha kwenye akaunti ya Yanga, shilingi milioni 112, akisema amevunja mkataba. Kamati ya shirikisho ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Alikaa nje miezi kadhaa, hadi Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba viongozi wa Yanga, mbele ya wageni Ikulu, walimalize jambo lile. Siku chache baadaye alikuwa mchezaji wa Azam.

Wakati wa sakata la Fei nilikuwa chuoni, na bwenini kwetu watu waliacha kusalimiana. Neno lililotumika unalijua tayari. Nilimkumbuka kaka kila nilipolisikia. Tofauti ni kwamba Fei alikuwa na jina, alikuwa na mwanasheria, na mwisho wake Rais aliongea. Winga wa daraja la chini hana hata mmoja kati ya hao.

Na mara nyingine anayehama hutoa jibu uwanjani. Mei 19, 2018, Simba ilikuwa inakabidhiwa kombe mbele ya Rais John Magufuli, ikiwa haijapoteza hata mchezo mmoja wa ligi msimu mzima. Wageni walikuwa Kagera Sugar, timu yetu. Dakika za mwisho Edward Christopher akafunga, moja kwa bila. Edward alikuwa amelelewa Simba kabla ya kuondoka. Babu, aliyekuwa akisikiliza redioni, alicheka mpaka akakohoa.

*

Sasa nije kwenye kile ambacho timu ya kaka ilifanya, kwa sababu haikuwa peke yake.

Novemba 29, 2022, huko Ubaruku, Mbarali, kwenye uwanja wa Highland Estates uliozungukwa na mashamba ya mpunga, Ihefu iliifunga Yanga mabao mawili kwa moja. Yanga ilikuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Msimu uliofuata, Oktoba 2023, Yanga ikarudi pale pale na ikafungwa kwa matokeo yale yale. Kwa mji mdogo wa wakulima, hayo ni mambo ya kuwasimulia wajukuu.

Kabla msimu huo wa 2023/24 haujaisha, Ihefu ilikuwa inachezea mechi zake za nyumbani Singida. Msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Ushindi wote wa Ubaruku ukahama pamoja na nafasi ya ligi kuu. Mkulima wa mpunga aliyekuwa anaiona Yanga kwa kutembea kwa miguu sasa anaiona kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira.

Singida kwenyewe kulikuwa na timu nyingine. Ilipanda daraja mwaka 2022 ikiitwa DTB, ikawa Singida Big Stars, halafu Singida Fountain Gate, ikahamia Mwanza, na msimu wa 2024/25 ikawa Fountain Gate tu, nyumbani kwake Babati. Kitayosce, iliyoanzia Kilimanjaro, ilipanda ligi kuu ikaja kuitwa Tabora United. Agosti 2023, katika mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu, ilishuka uwanjani dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane, kwa sababu usajili wa wengine ulikuwa haujakamilika, na mpira ukavunjika Azam ikiongoza kwa mabao manne. Mwaka 2025 timu hiyo ikaanza kuitwa TRA United, kwa jina la mamlaka ya mapato. Shirika la umma limerudi kumiliki timu. Mwanahistoria angefurahi kuona duara limekamilika, lakini nawaza kwanza watu wa Kilimanjaro walioianzisha.

Sisemi mambo hayo ni haramu. Kanuni zinaruhusu, na bila fedha mpya baadhi ya timu hizo zingekufa kabisa. Nasema tu tuangalie maneno yetu. Mchezaji akihama bila idhini anafungiwa, analipishwa, anatukanwa na mama yake anatukanwa. Timu ikihama na mji mzima ukabaki na nyasi, tunaandika kwamba imeuzwa.

Hata Marekani wamefika hapo. Huko mpira wao, ule wa kubeba mikononi, una nguvu sana vyuoni, na wanafunzi wanaocheza hujaza viwanja vinavyoizidi Benjamin Mkapa. Vyuo vya pwani ya Pasifiki vilikuwa na ligi yao iliyoanza mwaka 1915. Mwaka 2024 ligi hiyo ilibaki na vyuo viwili tu. Vingine kumi viliondoka kufuata fedha za televisheni. Stanford na California, vyuo vilivyo karibu na Pasifiki, vikajiunga na ligi ambayo jina lake ni la pwani ya Atlantiki. Ni kama Kagera Sugar iingizwe kwenye ligi ya Ukanda wa Pwani, na mechi ya Jumatano iwe Tanga. Mwaka 2021 mwanafunzi naye aliruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa benchi mwaka mzima, jambo ambalo zamani lilikuwa adhabu yake. Na nadhani msomaji anaweza kubahatisha ni nani aliyelalamikiwa zaidi kwamba hana uaminifu, kati ya kijana wa miaka 20 na chuo chenye umri wa zaidi ya karne.

*

Kwetu Kagera tunajua kidogo ladha ya kukosa nyumbani. Kaitaba ilipokuwa inawekewa nyasi bandia, Kagera Sugar ilizunguka: Kirumba ya Mwanza, Kambarage ya Shinyanga, Ali Hassan Mwinyi ya Tabora. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Tulikuwa tunasikiliza redioni mechi za nyumbani zinazochezwa mikoa mingine, na mtangazaji anasema "wenyeji Kagera Sugar" huku kelele zote ni za wageni. Timu iliporudi Kaitaba mwaka 2016, Yanga ikaja Oktoba na kutufunga sita kwa mbili. Wazee walioshuka kutoka vijijini walirudi wakiwa na huzuni, lakini walirudi jioni ile ile, kwa miguu yao na magari yao. Walifungwa nyumbani. Hilo nalo lina heshima yake.

Mwisho wa msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja, baada ya takriban miaka 20 ya ligi kuu. Likizo iliyofuata nilikwenda Izimbya. Babu alinipa kahawa ya kutafuna kama mgeni, tukakaa mbele ya nyumba tukitazama kibanja. Kaka alikuwepo, ameegesha pikipiki chini ya mgomba.

"Na hii nayo itauzwa?" Babu akauliza.

"Hapana waitu, Babu," nikamjibu. "Ile ni ya kiwanda. Shamba liko Misenyi. Miwa haina miguu."

Akatafuna kwanza.

"Pamba nayo haikuwa na miguu."

Sikuwa na la kusema. Miaka miwili ya uzamili, na hoja ya tasnifu yangu ilikuwa imesemwa kwa maneno matano na mzee aliyeishia darasa la nne.

Kaka ndiye aliyevunja ukimya. Alisema vijana wa timu ya kijiji wamemwomba awafundishe, na mmoja wao, winga, amepigiwa simu na timu ya mbali. Fainali ni wiki mbili zijazo.

"Umemwambiaje?" nikauliza.

"Nimemwambia aende." Akanyamaza kidogo. "Ila asisaini kitu kabla hajanitumia picha ya mkataba. Nikautume kwako, wewe msomi, uusome."

Mkataba ulinifikia siku tisa baadaye, kurasa tatu zilizopigwa picha kwenye mwanga hafifu. Niliusoma mara mbili, nikamwonyesha rafiki anayesoma sheria. Haukuwa na kifungu chochote kinachosema mchezaji atakuwaje ikiwa timu itauzwa au kuhama. Tukakiandika, mistari minne ya Kiswahili cha kawaida: timu ikibadili mmiliki au mkoa, mchezaji atalipwa madai yake na yuko huru kuondoka. Tukamwambia aombe kiongezwe.

Walikataa mwanzoni, kisha wakakubali. Kijana akasaini, na Jumamosi ya fainali hakuonekana uwanjani. Tulifungwa tena. Kaka aliniambia kwenye simu kwamba watu walianza kumwita kijana yule lile jina, na yeye akasimama katikati ya uwanja, mbele ya diwani na beberu, akawaambia walitafutie mtu mwingine.